Daftari la Jumanne ya Pili

Jumanne ya pili ya mwezi, kabla jua halijaifikia michungwa,
nafungua dirisha la zahanati ya Kwemdimu,
nalipangusa daftari vumbi jekundu la Muheza.
Majina ishirini na saba, maradhi mamoja,
ambayo hapa kwetu hayakutajwa kwa jina.
Waliyaita *yale*. Waliyaita *mambo ya kuanguka*.
Na aliyeanguka aliachwa palepale
kwa kuogopa povu lake.

Nilikuwa mkali, sifichi.
Kwa kalamu nyekundu niliandika: *mtoro wa dawa*.

Semboja wa mkonge alikaa miezi mitano salama,
akalirudisha kopo likiwa na vidonge.
"Nimepona, nesi. Mzima anywe dawa ya nini?"
Nikamwambia: paa likiacha kuvuja, Semboja,
si mvua iliyokoma,
ni makuti uliyoezeka.
Akacheka, akaondoka.
Wiki ya pili wakamleta kwa baiskeli, ulimi umechanika.
Nyekundu.

Na Hatibu Mntambo,
huyu hakukosa hata Jumanne moja,
lakini alizidi kuanguka: kisimani, msikitini, kwenye ngazi ya mchungwa.
Nikampandishia, kutoka kimoja hadi viwili,
kutoka viwili hadi vitatu kila usiku.
"Unakunywa?"
"Nakunywa."
"Vyote?"
Akatazama viatu vyangu.
Nyekundu.

Siku hiyo nilikwenda mwenyewe,
saa nzima kwa miguu, nikavuka mto, nikapita mashamba ya iliki.
Nyuma ya nyumba, penye kivuli cha kuni,
alikaa msichana wa miaka kumi na minne,
vidole vya mkono wa kulia vimeshikana
kwa kovu la moto wa jikoni.
Sijawahi kuliona jina lake popote,
si shuleni, si kliniki.
Kwenye kisahani palikuwa na wembe.

Mama yao alisema, akipepeta mchele usio na chuya:
"Mmoja, watu husema bahati mbaya.
Wawili, watasema nyumba imelaaniwa.
Na nina mabinti watatu wa kuozwa."

Basi kila usiku, kaka kimoja, dada kimoja,
na kile cha tatu kikapasuliwa kwa wembe,
unga wake ukalambwa kwenye kisahani.
Nami nilikuwa napandisha dawa,
wao wanagawana,
na kifafa kinakula sahani zote mbili.

Sikugomba. Niliomba maji, nikanywa.

Nikaandika mstari wa ishirini na nane: *Mwanahija Mntambo*.
Kwenye safu ya *aliyemleta*
nikaandika: *wembe*.
Bwana wa wilaya aliuliza kama nimekosea.
Sijakosea, nikasema. Na nipe dawa za watu ishirini na wanane,
maana bohari huhesabu majina,
haimhesabu aliyefichwa nyuma ya kuni.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza zilikuja za ishirini na sita.
Mwezi wa pili hazikuja.
Nilikopa kopo Maramba, nikalirudisha nusu na deni.
Kwenye mkutano wa kijiji Semboja alisimama,
ulimi wake bado mzito, akasema: *kifafa*.
Neno zima, mbele ya watu.
Kijana mmoja alicheka.
Kisha mwanamke wa nyuma kabisa, ambaye simjui,
akauliza dawa hutolewa saa ngapi.

Sasa ni thelathini na wanne.

Leo Mwanahija amekuja peke yake.
Siku tisini na moja hajaanguka, amezihesabu
kwa mkaa, ukutani.
Anauliza: je, anaweza kurudi jikoni?
Nasema bado, mwanangu. Ngoja kidogo.
Hakukasirika. Akafungua pindo la khanga,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Kaka anasema huu ni wako, nesi.
Sisi hatuna kazi nao."

Nimeiweka ile kalamu nyekundu mtotoni mwa meza.
Kwa wembe huu
nachonga penseli.